Katoni Kumi na Moja za Profesa Cirimwami

Georgette Nabintu aliingia kazi ya kupiga mashine ya kuandikia katika chuo kimoja cha walimu mjini Bukavu mwaka wa 1977. Diploma yake ya shule ya masista ilisema Georgette. Karatasi za serikali zilisema Nabintu peke yake, kwa kuwa miaka ile jina la ubatizo lilikatazwa, na mtu aliliacha mlangoni pa ofisi kama mwavuli uliolowa. Nyumbani Kadutu na kanisani alibaki Georgette. Mume wake alikuwa amekwenda kutafuta dhahabu Kamituga. Mwaka wa kwanza alituma salamu, mwaka wa pili salamu zikapungua, na mwaka wa tatu akaja mtu mwenye tope mpaka magotini kusema kwamba shimo limebomoka. Maiti haikuletwa. Georgette akabaki na binti mmoja, Martine, na vidole kumi vyepesi ambavyo masista walivisifu.

Alipewa kuwaandikia walimu wa Kiingereza, na kati yao alikuwamo Profesa Marcellin Cirimwami, mzaliwa wa kijijini Walungu, mrefu, mwenye kikohozi na abakosti moja ya kijivu, lile koti lisilovaliwa tai. Huyu alikuwa amesoma Ubelgiji, kisha Uingereza, na alichokisoma kiliwashangaza hata wenzake. Hakusoma Kiingereza cha biashara wala cha redio. Alisoma mashairi ya Waingereza wa miaka mia sita iliyopita, yaliyoandikwa kwa mkono na watawa na makarani wasiojulikana majina, juu ya ngozi za kondoo. Miaka miwili alikuwa ameinama katika maktaba za kule akinakili kwa penseli, maana wino ulikatazwa karibu na vitabu vile. Alirudi Bukavu na katoni kumi na saba za karatasi.

Siku ya kwanza Georgette aliuangalia ule ukurasa aliopewa, akaugeuza, akaurudisha.

"Citoyen Professeur, hii ni Kiingereza gani? Nilisoma kidogo ku masomo, lakini hii siwezi soma."

"Ni bibi ya Kiingereza," profesa akasema. "Mujukuu alikuwa tajiri, akasahau sauti ya bibi yake. Sawa vile batoto ya Kadutu banasahau Mashi, luga ya kwetu."

Katika maandishi hayo mlikuwa na herufi ambazo mashine haikuwa nazo. Moja ilifanana na p iliyochomoza kijiti juu ya kichwa. "Ni ile sauti watu wa pwani wanaitoa wakisema thelathini," profesa alimweleza. "Sisi tunasema trente, mambo inaisha." Nyingine ilifanana na namba tatu, basi Georgette akapiga tatu. Kwa ile yenye kijiti aliacha nafasi tupu, na mwisho wa ukurasa akazipitia nafasi zote kwa kalamu, moja moja, ulimi ukiwa katikati ya meno.

Profesa alitaka kufanya kitabu: kila shairi katika lugha yake ya zamani, pembeni Kifaransa na Kiswahili, na chini maelezo ya maneno. Kilimchukua miaka kumi na miwili, na hakikuisha. Ukurasa ulipigwa pamoja na karatasi ya kaboni, profesa akausahihisha kwa wino mwekundu, Georgette akaupiga upya. Nyingine alizipiga mara nne. Karatasi nyeupe zilipokosekana chuoni waligeuza mitihani ya zamani na kuandika mgongoni mwake. Georgette hakujua maana ya yale maneno ya kale, lakini vidole vyake viliyazoea, kama mtu anavyoizoea njia ya kisimani bila kuhesabu mawe yake.

Mvua za Novemba 1989 zilimkuta profesa kitandani hospitalini. Georgette alikwenda kumwona baada ya misa ya Jumapili, akiwa na uji katika chupa. Uji haukunyweka.

"Nabintu," profesa akasema, akasubiri pumzi irudi. "Zile makaratasi usiziache ku batu ya kwetu. Batu ya kwetu bananipenda mimi. Makaratasi, hapana."

"Ndiyo, Professeur."

Alisema ndiyo kama watu wanavyowajibu wagonjwa. Siku ya Jumanne profesa alikufa.

Alizikwa kwao Walungu. Georgette alikaa kule siku tatu pamoja na wanawake wa ukoo, akichota maji na kumenya ndizi. Aliporudi mjini alipita kwenye nyumba ya chuo aliyokaa profesa, akakuta milango wazi na sakafu imefagiwa. Ndugu wa marehemu, Edouard, alikuwa akifunga kamba kwenye kitanda cha mwisho. Chuo kilimpa juma moja tu kuitoa mizigo, maana mwalimu mwingine alikuwa anaingoja nyumba.

"Papa Edouard, katoni ziko wapi?"

"Zilienda Nyawera. Bamama ya soko bamezichukua za kufungia bintu."

"Ile ilikuwa kitabu!"

Edouard aliinuka, akajifuta jasho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wajane wawili na yatima saba nyuma yake, na sasa ndugu aliyemtegemea yuko udongoni. "Mama Martine, kitabu iliisha?"

"Haikuisha."

"Basi si kitabu. Ni makaratasi."

Georgette aliteremka mpaka soko la Nyawera akiwa bado na kitambaa cha msiba kichwani. Ukurasa wa kwanza aliuona mikononi mwa mtoto wa shule: umekunjwa kama pembe, umejaa karanga. Wa pili ulikuwa kwa mama mmoja aitwaye Delphine, muuzaji wa sambaza zilizokaushwa. Nyuma ya meza ya Delphine zilisimama katoni tatu, na moja tayari ilikuwa nusu. Samaki wale wadogo walikuwa wamelazwa juu ya herufi za kijiti, mafuta yakipenya mpaka upande wa pili.

"Maman, nirudishie hizi."

"Nami nifungie nini? Nipake batu samaki ku mikono?"

Georgette alisimama pale, watu wakimpiga vikumbo, mpaka wazo likamjia. "Nikikuletea magazeti? Magazeti ni kubwa, yanafunga muzuri kuliko hii."

Delphine alimtazama kitambaa chake cha msiba. "Leta," akasema.

Kwa majuma matatu Georgette alizunguka parokiani, kwa majirani, katika ofisi za chuo, akiomba magazeti ya zamani yenye picha za Rais na sherehe za chama. Aliyabeba kichwani mpaka Nyawera, akabadilishana na wauzaji meza kwa meza. Walimpa jina, Mama Makaratasi, na wengine walimficha kurasa ili alete magazeti zaidi. Alifuata hata zilizokwisha kutupwa: alizitoa kwenye mtaro, akazianika juu ya majani ya uwanja wa chuo, akazipanga. Nyingine alizikuta mahali ambapo karatasi ikifika hairudi, akageuza uso. Katika katoni kumi na saba alipata za kujaza kumi na moja. Zilinuka samaki.

Mkuu wa idara, Xavier, mwanafunzi wa zamani wa marehemu, alimpa chumba kidogo chini ya ngazi. "Siku moja tutamaliza kitabu cha mwalimu," alisema, na huenda alikusudia. Lakini Bukavu ni mji wa mvua, na chumba kile kilikuwa na mchwa. Georgette alipanda lori la mboga hadi Lwiro, kwenye kituo cha utafiti, kwa kuwa alisikia kuna mtu pale anayetunza vitu visioze. Mtu huyo alikuwa Ignace, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mlinzi wa makabati yaliyojaa vipepeo na mende waliochomwa sindano.

"Mimi nachunga badudu benye kufa," Ignace alimwambia, "badudu bazima basibakule. Karatasi ni vilevile." Akamfundisha kuinua katoni juu ya matofali, kuweka nafasi kati yake na ukuta, kufungua mlango siku ya jua tu. Akampa na mfuko wa naftalini, vidonge vya kufukuza wadudu.

Tangu hapo kila Ijumaa Georgette alifungua chumba chini ya ngazi, akatoa kurasa, akazipitisha moja moja mbele ya macho, akazirudisha. Miaka ikawa mibaya. Wino wa mashine ukaisha na hakuna aliyeleta mwingine. Walimu wakaanza kulima maharagwe nyuma ya madarasa. Kuna mwezi mzima ambapo mtu pekee aliyeingia idara ya Kiingereza alikuwa yeye, na kilichomleta ni ile Ijumaa. Martine aliolewa Uvira akaenda zake.

Kisha, katikati ya Julai 1994, Rwanda ilimwagika juu ya daraja la Ruzizi. Watu waliingia Bukavu siku na siku, magodoro kichwani, mbuzi, masufuria, wazee katika mikokoteni, na miongoni mwao wauaji na waliowakimbia wauaji na wasiojua wanakimbia nini, wote wamechanganyika. Walilala barabarani, makanisani, mashuleni. Nyumba ya Georgette ilijaa mpaka jikoni. Miti ya mji ilikatwa, kisha madawati, kisha milango.

Jumatano ya juma la pili alifanikiwa kupenya mpaka chuoni. Ilikuwa asubuhi, na uwanja wote ulifunikwa na moshi na watu. Mlango wa chumba chini ya ngazi haukuwapo. Ndani, juu ya katoni zilizopangwa kama kitanda, alilala mtoto wa kiume wa miaka kama mitatu, macho yamezama. Mbele yake, kwenye mafiga matatu, mwanamke kijana alikuwa akilisha moto kwa kurasa.

Georgette alijitupa, akaingiza mkono motoni, akachomoa kurasa zilizokuwa zinawaka, akazikanyaga. Kiganja chake kilibabuka.

"Unachoma nini? Unajua hii ni nini?"

"Ni karatasi," mwanamke akasema.

"Ni kazi ya mutu!"

"Na huyu ni mutu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayemwonyesha mgeni ndugu yake. Jina lake lilikuwa Vestine, mtu wa Cyangugu ng'ambo ya mto, na Kiswahili alikijua kwa kufanya biashara ya maembe na watu wa Bukavu. Mtoto alikuwa Dieudonné. Alikuwa anahara damu siku ya nne. Hospitalini waliwalaza watu hata chini ya vitanda. Muuguzi alimpa chumvi za kuchanganya na akamwambia maneno mawili: chemsha maji. Kuni za kuchemshia hakumpa.

Georgette alirudi Kadutu akaleta kopo la makala, mkaa wa kupikia, yote yaliyobaki nyumbani. Yalichemsha sufuria moja. Siku ya pili alizunguka mji kutafuta mengine. Malori ya makala hayakuweza kuingia kwa wingi wa watu barabarani, na yaliyokuwapo yalikuwa mikononi mwa wanajeshi. Alirudi mikono mitupu. Sufuria ilikuwa juu ya mafiga, maji baridi. Vestine alikuwa ameketi bila kugusa katoni, anamngoja.

Basi Georgette akapiga magoti akafungua katoni ya kwanza yeye mwenyewe.

"Si hizi," akasema. "Ngoja. Hizi kwanza."

Alichambua. Kwanza nakala za kaboni, zile ambazo ukurasa wake halisi ulikuwapo. Kisha rasimu za kale. Karatasi ni kuni mbaya: inaruka mwali mara moja, inakuwa majivu, na maji yanabaki kukutazama. Kumbatio zima la kurasa linaleta mapovu machache tu pembeni. Walijifunza kuzisokota, kuzifunga kama vijiti, moto uende polepole. Wanawake wawili, magoti kwa magoti, walisokota mpaka usiku. Kabla ya kusokota kila ukurasa Georgette aliupitisha macho kwanza. Vestine alimwacha.

Siku ya tatu nakala zilikwisha. Yakaja maelezo ya maneno, kisha Kifaransa. Mtoto alikunywa, akatapika, akanywa tena. Jioni yake alicheka kidogo alipoona mjusi ukutani, na Vestine akamshika Georgette bega kwa nguvu.

Siku ya nne Vestine aliuliza, "Hizi zinasema nini?"

Georgette alikuwa na ukurasa wenye tafsiri ya Kiswahili kwa mkono wa profesa. Alisoma kwa sauti. Shairi lilikuwa la mwanamke maskini katika majira ya theluji, anayeikaribisha baridi nyumbani kama mgeni: ingia, kaa hapa karibu na moto, kula mkate wangu, vaa nguo yangu, lakini upande ule alipolala mtoto usitazame.

Vestine akauliza, "Na mutoto wake, alipona?"

"Haijulikani. Professeur aliandika hapa chini: ngozi imepasuka, mistari iliyobaki haipo."

"Hata nakala nyingine haiko?"

"Haiko."

Ukurasa huo Georgette aliurudisha katika katoni. Akachukua unaofuata. Ulikuwa wa pekee pia, hauna nakala, una wino mwekundu pembeni, na juu yake jina la maktaba ya mbali na namba ya kitabu. Aliushika kwa muda. Maji yalikuwa yameanza kutulia. Akausokota.

Dieudonné alikufa asubuhi ya siku ya tano. Georgette alipofika alimkuta Vestine amesimama na sufuria mikononi, anamwaga maji yaliyokwisha chemka juu ya mafiga, polepole, mpaka tone la mwisho. Majivu ya karatasi yalielea, yakashikamana na miguu yake. Walimpeleka mtoto pamoja na wengine mahali ambapo watu wa misaada walikuwa wamechimba handaki refu na kumwaga chokaa. Hapakuwa na padri wala msalaba. Georgette alisema Baba Yetu kwa Mashi, Vestine kwa Kinyarwanda, na hawakumaliza kwa pamoja.

Juma lililofuata malori yaliwachukua wakimbizi wa chuo kuwapeleka kambini, kwenye barabara ya Kavumu. Vestine aliondoka bila kuaga. Au aliaga, Georgette hayupo.

Xavier alirudi Septemba kutoka kijijini alikojificha, akaingia chumba chini ya ngazi, akahesabu kwa macho.

"Bakimbizi balichoma yote hii?"

"Ni mimi," Georgette akasema.

"Weye?"

"Nilichagua mimi. Balikuwa hawajui ya kuchagua. Ilikuwa ya kuchemsha maji ya mutoto mugonjwa."

"Miaka zaidi ya kumi ya mutu, Mama Martine! Aliacha macho yake kule Ulaya juu ya hizi!" Sauti yake ilipasuka. "Na mutoto?"

"Alikufa."

Xavier alikaa kwenye ngazi, kofia mikononi. Baadaye alitamka jambo ambalo Georgette alilibeba muda mrefu: "Basi imekuwa bure pande zote."

Zilibaki katoni nne. Wiki zile Georgette alijaribu kuandika kwa kalamu yale yaliyoungua, hasa yale aliyoyapiga mara nne. Aliketi mezani, akafumba macho, akaviacha vidole vitembee juu ya mbao kana kwamba mashine ipo, kisha akaandika herufi vilizozigusa. Herufi zilikuja, safu kwa safu. Lakini hakujua lugha ile, na hapakuwa na mtu wa kumwambia hapa ndipo, hapa sipo. Pengine aliandika mstari wa shairi moja ndani ya jingine. Pengine alitunga. Baada ya kurasa thelathini hivi aliogopa, akaacha, akaandika juu ya kila moja: kutoka kichwani kwa mpiga mashine, si hakika.

Januari 1995 alipakia katoni nne na kurasa zile thelathini kwenye lori la mboga, kuelekea Lwiro. Baada ya uwanja wa ndege barabara ilipita kambini. Alikuwa amesikia kuhusu kambi lakini hakuwa ameiona: mahema ya plastiki ya buluu yalifunika kilima na kilima kingine, na mbele yake watu walikuwa wakitembea polepole barabarani kama hawana pa kufika. Alimwomba dereva asimame. Akashuka, akauliza wanawake waliokuwa wanachota maji: Vestine wa Cyangugu, mwembamba, aliyefiwa na mtoto pale chuoni.

Mmoja alicheka bila furaha. "Maman, hapa benye kufiwa na mutoto ni bengi."

Aliingia mpaka safu ya tatu ya mahema, akaita jina mara mbili. Vestine mmoja alitoka, mzee, si yeye. Dereva akapiga honi.

Ignace alimpokea Lwiro. Alitoa mende katika kabati moja, akawabananisha na wenzao, akazipanga karatasi ndani. Alisoma maneno yaliyoandikwa juu ya zile kurasa thelathini, akamtazama Georgette juu ya miwani.

"Hizi naziweka pamoja na zingine, ao mbali?"

"Mbali kidogo. Mutu asichanganye."

"Na nani atakuja kuzisoma?"

"Siko najua, papa."

Ignace akatikisa kichwa, akatia naftalini, akafunga, akampa ufunguo mmoja. Georgette alilala kwa masista wa pale, na kesho yake akapata nafasi mbele ya gari la mwalimu mmoja anayerudi mjini. Gari lilipofika kambini mvua ilikuwa inanyesha na watu wote wamo ndani ya mahema. Mwalimu, aliyekuwa amesimuliwa njiani habari za Vestine, aliuliza kama anataka kushuka tena. Georgette alisema hapana, apite tu.